Matangazo Yaliyozimika: Sigara, Maziwa ya Kopo, Krimu na Klorokwini

Kila mwaka tunapokutana kuadhimisha Desemba 12, baada ya hotuba na kabla sufuria ya pilau haijafika chini, huzuka mchezo usioandikwa kwenye ratiba. Mtu mmoja huanza kuimba tangazo la zamani la televisheni, mwingine humalizia, na baada ya dakika chache meza nzima inataja bidhaa: mafuta ya kupikia, sabuni ya unga, dawa ya kichwa, sigara, krimu ya uso, vidonge vya malaria. Watoto wetu waliozaliwa Reading na Leicester hututazama kama watu waliopandwa na pepo. Kamati ya jarida hili ilipotuomba sisi wauguzi tuandike kuhusu afya kwa toleo la mwaka huu, tuliona afadhali tuandike historia, na tuianzie kwenye mchezo huo. Nusu ya bidhaa zinazotajwa pale mezani ndizo tunazowauliza wagonjwa kila siku kazini. Unavuta? Unapaka nini usoni? Umemeza nini kabla ya kuja hapa?

Yapo matangazo yaliyokufa kwa sababu za kibiashara tu, na hayo hayana kisa kirefu. Kimbo na Cowboy, kwa mfano, zilikuwa bidhaa za East Africa Industries, kampuni ya ukoo wa Unilever, kabla ya kuuzwa kwa Bidco mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kopo la Kimbo la kilo mbili limebaki sokoni hadi leo likiitwa gorogoro, likipimia mahindi na maharagwe. Vijana wengi wanaonunua kwa gorogoro hawajui kwamba wanapimiwa kwa tangazo la zamani. Kwetu Kimbo ilikuwa ya wageni na Cowboy ya siku za kawaida, na bibi zetu waliamini mafuta yaliyoganda ndiyo yenye nguvu mwilini. Kuhusu moyo na mishipa tutaandika siku nyingine.

Matangazo tunayotaka kuyazungumzia hapa ni yale yaliyozimwa. Kulikuwa na mtu, au sheria, au mdudu wa malaria mwenyewe, aliyeyazima. Na ukizipanga tarehe utagundua jambo ambalo kwetu tunaoishi Uingereza linauma kidogo: mengi yalikuwa yamekwisha kuzimwa huku, au bidhaa yenyewe imekwisha kukatazwa huku, miaka mingi kabla ya kuzimwa nyumbani.

Kwanza tukumbushane televisheni yenyewe. Iliingia Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Muda mfupi baada ya Uhuru shirika la utangazaji likaitwa Sauti ya Kenya, VoK, na jina la KBC likarudi mwaka 1989. Kituo cha kwanza cha binafsi, KTN, kilianza 1990. Kwa maana hiyo, kwa karibu miaka 30 nchi nzima ilikuwa na idhaa moja ya televisheni, na idhaa hiyo ilikuwa ya serikali. Nyumba yenye televisheni ilikuwa nyumba ya mtaa mzima. Tulivua viatu mlangoni, tukakaa sakafuni, wakubwa wakakaa kwenye makochi yenye vitambaa, na pasipokuwa na umeme Greatwall iliendeshwa kwa betri ya gari. Waliokua mashambani waliyaona matangazo yaleyale kwenye sinema za bure zilizoletwa na magari, shuka jeupe likatundikwa uwanjani na vumbi likatimka.

Idhaa ilipokuwa moja, hapakuwa na pa kuhamia tangazo lilipoanza. Tulilitazama kama tulivyotazama Vitimbi na Vioja Mahakamani. Zaidi ya hapo, lilitoka kwenye kisanduku kilekile kilichotusomea taarifa ya habari saa moja jioni, na wazazi wetu hawakuwa na sababu ya kutenganisha sauti hizo mbili. Likisemwa na VoK, limesemwa na serikali. Mama aliyeambiwa na kisanduku hicho kwamba kidonge fulani kinaondoa homa alilichukua kama tangazo la Wizara ya Afya. Hilo tuliweke akilini tunapoendelea, maana bila hilo huwezi kuelewa kwa nini maneno ya muuza sabuni yalikaa vichwani mwetu kuliko maneno ya mhudumu wa kliniki.

Tuanze na sigara. Tangazo la sigara lilikuwa zuri kuliko yote, na hatuoni haja ya kukana. Wanaume waliovalia vizuri, magari, farasi, wanawake wanaocheka, muziki. Sportsman ilikuwa na kichwa cha farasi kwenye pakiti; Embassy ilikuwa ya waliotaka kuonekana wamefika. Safari Rally, ambayo kwa watoto wa miaka ya 1980 ilikuwa kubwa karibu sawa na Krismasi, iliitwa Marlboro Safari Rally. Tulisimama kando ya barabara kwenye matope ya Pasaka tukishangilia magari yenye rangi za pakiti ya sigara, na baba zetu walitubeba mabegani ili tuone vizuri.

Sasa tazama tarehe. Mwaka 1962, mwaka uleule televisheni ilipofunguliwa Nairobi, Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London kilitoa ripoti yake juu ya uvutaji na afya, kikisema wazi kwamba sigara inasababisha saratani ya mapafu. Mnamo Agosti 1, 1965, matangazo ya sigara yaliondolewa kwenye televisheni za Uingereza. Kenya ilikuwa haijatimiza miaka miwili ya Uhuru. Marekani ilifuata mwanzoni mwa 1971. Kenya iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na ikaanza kutumika Julai 2008. Kutoka 1965 hadi 2008 ni miaka 43. British American Tobacco, ambayo kampuni yake ya Kenya ndiyo iliyotawala soko letu, ina makao yake makuu London. Kilichokuwa kimeonekana hakifai kwa macho ya mtoto wa London kilionekana kinafaa kwa macho yetu kwa muda mrefu zaidi.

Hatusemi serikali yetu ililala tu. Tumbaku ilikuwa ikilimwa Kuria, Migori, Busia, Bungoma na Meru; ilisomesha watoto, na baadhi yao wamo katika jumuiya hii. Ushuru wa sigara ulijenga barabara. Waziri anayetaka kuizima alikuwa akigusa mfuko wa wizara nyingine. Hata baada ya sheria, kanuni za utekelezaji zilipingwa mahakamani, na kesi ya BAT Kenya haikuisha hadi Mahakama ya Juu ilipoitupa Novemba 2019. Sheria ilipiga marufuku pia kuuza sigara moja moja, lakini anayekwenda nyumbani mwezi huu apite tu kituo chochote cha matatu aone. Katika wodi za mapafu tunawauguza wazee wetu waliokuja huku miaka ya 1970, na ukiwauliza walianza lini, wengi hukumbuka jina la sigara kabla ya kukumbuka mwaka.

Maziwa ya kopo ya watoto wachanga yana historia ngumu zaidi, na hapa taaluma yetu wenyewe imechafuka. Tangazo lake lilianza redioni. Miaka ya 1970 idhaa ya Kiswahili ya VoK iliyatangaza, na mtoto wa tangazo alikuwa daima mnene, mcheshi na mwenye mama msafi. Lakini tangazo lenye nguvu zaidi lilivaa sare. Katika nchi nyingi za Afrika na kwingineko, makampuni ya maziwa yaliajiri wanawake, baadhi yao wauguzi waliosomea kazi, yakawavisha nguo nyeupe na kuwatuma hospitalini na majumbani kwa wazazi wapya. Mama aliyejifungua jana akimwona mwanamke mwenye sare nyeupe ameshika kopo, atamwuliza nini? Ataamini. Mwaka 1974 shirika la War on Want la hapa London lilichapisha kijitabu kilichoitwa The Baby Killer kikieleza hayo yote, na mwaka 1977 watu wakaanza kususia bidhaa za Nestlé.

Ubaya haukuwa ndani ya unga wenyewe peke yake. Ulikuwa kwenye maji yasiyochemshwa, kwenye chupa isiyooshwa, na kwenye kopo la bei kubwa lililolazimika kudumu wiki mbili badala ya siku nne, hivyo mama akaongeza maji na kupunguza unga. Huku maziwa yake mwenyewe yanakauka, kwa sababu ziwa lisilonyonywa huacha kutengeneza. Baada ya hapo hana pa kurudi. Mtoto anaharisha, anakonda, analetwa kliniki, na mama anasema kwa uaminifu kabisa kwamba amempa chakula bora.

Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni ya kuzuia utangazaji wa maziwa hayo: nchi 118 ziliunga mkono, 3 hazikupiga kura upande wowote, na moja ilipinga, nayo ni Marekani. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizojitahidi kuwaelekeza akina mama mapema, lakini sheria yenye meno, ile ya kudhibiti bidhaa zinazotumiwa badala ya maziwa ya mama, ilikuja 2012. Kati ya utafiti wa kitaifa wa afya wa 2008-09 na ule wa 2014, watoto wa chini ya miezi sita wanaonyonya maziwa ya mama pekee waliongezeka kutoka asilimia 32 hadi 61. Hatudai kwamba sheria peke yake ilifanya hivyo. Wahudumu wa afya ya jamii waliotembea nyumba kwa nyumba wakizungumza na mama mkwe, ambaye ndiye mwenye uamuzi, wana sehemu kubwa katika tarakimu hiyo.

Huku Uingereza pia maziwa ya mtoto wa siku za kwanza hayaruhusiwi kutangazwa kwa umma. Ndiyo maana ukitazama vizuri tangazo la maziwa kwenye televisheni yako, utaona mtoto anakaa, anatambaa, anafukuza paka: ni maziwa ya baada ya miezi sita, na kampuni inatumaini utakumbuka jina ukiwa na mtoto wa wiki mbili. Tuongeze neno moja kwa wazazi wapya wa jumuiya, maana hili limeleta ugomvi kati ya mabinti na mama zao kwenye simu. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI nyumbani Kenya hushauriwa anyonyeshe huku akimeza dawa zake. Huku Uingereza ushauri wa kawaida huanzia kwenye maziwa ya kopo, kwa sababu maji ni salama na kopo linapatikana, na anayetaka kunyonyesha huzungumza na kliniki yake. Hakuna aliyedanganywa. Ni mizani ileile, ila mawe yaliyowekwa juu yake ni tofauti.

Tunafika kwenye krimu, na hapa tunaomba akina dada, na siku hizi akina kaka pia, wasigeuze ukurasa.

Tangazo la krimu ya kung'arisha ngozi halikuhitaji maneno mengi. Uso mmoja mweusi wenye huzuni, uso uleule mweupe kidogo wenye furaha, na kijana wa kiume anayegeuka kumtazama. Ambi ndilo jina ambalo wazee wetu hulitaja kwanza; yalikuwepo mengine mengi, ya krimu na ya sabuni. Nchi ilikuwa imetoka kwenye ukoloni jana. Bendera ilikuwa na rangi nyeusi juu kabisa, na tulifundishwa shuleni kwamba rangi hiyo ni ya watu wa Kenya. Jioni, kwenye kisanduku cha serikali ileile, tukauziwa dawa ya kuiondoa.

Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika British Medical Journal uchunguzi wa wagonjwa 60 wenye ugonjwa wa figo, ule unaofanya protini ivuje kwenye mkojo hadi mtu anavimba uso na miguu. Kwa kawaida ugonjwa huo hutafutiwa sababu kwenye maambukizi. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Jarida hilo linachapwa London. Kila daktari aliyelisoma wiki ile alijua.

Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, na ndiyo maana inaonekana inafanya kazi. Lakini haiishii kwenye ngozi. Hupenya, huingia katika damu, hukusanyika kwenye figo, na kwa mwanamke mjamzito humfikia mtoto. Mwaka 1976 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya zilikataza zebaki katika vipodozi vya watu wao. Sabuni za zebaki ziliendelea kutengenezwa Ulaya kwa miaka mingi baada ya hapo kwa ajili ya soko la Afrika. Mchuuzi wa Gikomba au Kongowea aliziuza akizisifia kwamba zimetoka Ulaya, na alisema kweli. Nchini Kenya marufuku ya krimu na sabuni zenye zebaki na haidrokwinoni ilikuja mwaka 1998. Matangazo yakatoweka. Bidhaa zikahamia chini ya meza.

Na chini ya meza ndiko ziliko hadi leo, huku pia. Maafisa wa biashara wa Southwark, kusini mwa London, wamekuwa wakikamata krimu hizo kwenye maduka ya vipodozi kwa miaka mingi. Siku hizi zebaki imepungua na mahali pake pamechukuliwa na haidrokwinoni na krimu kali za steroidi, ambazo kwa sheria za hapa hutolewa kwa cheti cha daktari tu. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huleta madoa ya bluu na nyeusi mashavuni, na anayeyaona hudhani krimu imepungua nguvu, hivyo anaongeza. Steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya sigara. Mshono wa upasuaji haushiki vizuri, sukari ya damu hupanda, na anayeacha ghafla baada ya miaka anaweza kuzirai, kwa sababu mwili wake umesahau kutengeneza homoni yake wenyewe. Ndiyo maana kabla ya upasuaji tunauliza: unapaka nini? Hatuulizi kwa umbea. Mwanamke wa Kiingereza ambaye ni daktari hajui hata kuuliza swali hilo, na mgonjwa akiona hakuulizwa hasemi. Tukiuliza sisi kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, pazia likiwa limefungwa, mara nyingi tunajibiwa.

Tumeiacha malaria mwisho kwa sababu ndiyo inayomhusu kila msomaji aliyekwisha kukata tiketi ya Desemba.

Nani hakumeza klorokwini? Siku tatu, kwa mtu mzima vidonge vinne, vinne, viwili, vichungu hadi kwenye pua, na baadaye ule mwasho usiokunika, kana kwamba siafu wanatembea ndani ya ngozi. Tulisugua migongo kwenye miti kama ng'ombe. Wengine walikataa kumeza siku ya pili kwa sababu ya mwasho tu. Malaraquin ilikuwa jina la nyumbani, kando ya Aspro na Cafenol, na tangazo la dawa za aina hiyo lilikuwa na mpangilio mmoja: mtu amejikunyata chini ya blanketi, anapewa dawa, kesho yake yuko kazini. Kilichobaki akilini mwa mtazamaji ni jina na asubuhi ile ya kesho yake. Dozi ya siku tatu haikuwa na wimbo.

Kwamba dozi haikuwafikia watu tunajua kwa hakika, kwa sababu ilipimwa. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Kilifi walichunguza namna homa za watoto zilivyotibiwa kwa klorokwini ya dukani. Katika kila watoto 100 waliopewa, chini ya 4 ndio waliopata kiasi cha kutosha. Wengine walipewa kidonge kimoja, nusu kidonge, au dawa ya maumivu tu. Watafiti hawakuwafukuza wenye maduka. Waliwakalisha chini, wakawafundisha dozi kwa kila umri, wakawapa chati. Baadaye watoto waliopata kiasi cha kutosha walizidi 65 katika 100. Sisi tunaona huo ni mmoja wa utafiti mtamu kuliko wote uliowahi kufanywa pwani ya Kenya, na hakuna aliyetungiwa wimbo kwa ajili yake. Mwenye duka wa Kilifi, aliyefundishwa siku chache, alifanya kile ambacho televisheni haikufanya kwa miaka yote ile.

Wakati huo, hata hivyo, dawa yenyewe ilikuwa inakufa. Usugu wa vimelea dhidi ya klorokwini ulionekana Afrika Mashariki tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kwanza kwa wageni waliotembelea Kenya na Tanzania. Kenya iliiondoa kama dawa ya kwanza mwaka 1998. Kwa karibu miaka 20 kidonge kiliendelea kutangazwa na kuuzwa huku nguvu zake zikipungua mwaka hadi mwaka, na watoto waliolipia tofauti hiyo hawakuishi kuimba matangazo nasi. Ikaja Fansidar na ndugu zake, vidonge vitatu mara moja basi, na watu wakaipenda kwa sababu haikuwasha. Nayo haikudumu. Mwaka 2004 Kenya iliamua kutumia dawa ya mchanganyiko yenye artemetha na lumefantrini, ambayo wengi huiita AL, na mwaka 2006 ikafika kwenye zahanati: vidonge 24 kwa mtu mzima, vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu, vikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo.

AL nayo ilipata tangazo lake. Kuanzia mwaka 2010 kulikuwa na mpango wa kimataifa wa kuipunguzia bei madukani, na pakiti zake ziliwekwa alama ya jani la kijani. Nchini Kenya bei iliyopendekezwa ilikuwa shilingi 40, na televisheni na redio ziliwaambia watu watafute jani. Safari hii tangazo lilitaja bei, ili mwenye duka asimpunje mnunuzi. Tunalitaja kwa sababu tusionekane tunachukia kila kilichowahi kuimbwa. Kisanduku kilekile kiliweza kusema jambo lenye manufaa kilipolipwa kulisema.

Kuna habari moja ya ajabu katika kisa hiki. Malawi iliacha klorokwini mapema kuliko sisi, mwaka 1993, na zaidi ya miaka kumi baadaye watafiti walikuta vimelea vya huko vimerudi kuwa dhaifu mbele ya dawa ileile. Hilo halina maana kwamba chupa iliyosahaulika kwenye kabati la mama imefufuka. Klorokwini si dawa ya kutegemea tena kwa malaria ya Kenya.

Tunalisema hilo kwa sababu chupa hizo zipo. Tumeziona kwenye mabegi, zimefungwa pamoja na chai na royco, zimetumwa na shangazi mwenye mapenzi. Mwaka 2023 Uingereza ilipata zaidi ya wagonjwa 2,000 wa malaria iliyoletwa kutoka nje, na kama ilivyo kila mwaka, wengi wao walikuwa watu waliokwenda kuwatembelea jamaa zao Afrika. Si watalii. Ni sisi. Kinga tuliyokuwa nayo utotoni, ile iliyotufanya tuugue Jumatatu na kucheza mpira Alhamisi, hupungua baada ya kukaa huku, na mtoto aliyezaliwa Leicester hajawahi kuwa nayo kabisa. Mbu wa Ahero na wa Msambweni hajui kwamba wewe ni mwenyeji.

Kwa hiyo, kabla ya kusafiri, nenda kliniki ya wasafiri au zungumza na mfamasia mapema, wiki chache kabla. Zipo dawa za kinga zinazoanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, na zipo zinazohitaji muda zaidi. Ukipata homa ukiwa nyumbani, usikubali kumezeshwa chochote kabla ya kupimwa. Kipimo cha tone moja la damu kinapatikana hadi kwenye zahanati ndogo na majibu hutoka muda wa kunywa kikombe cha chai. Ukirudi huku ukapata homa, hata baada ya miezi kadhaa, mwambie daktari sentensi moja kabla hujaeleza kingine chochote: nimetoka Kenya. Mwambie tarehe. Asipokupima damu siku hiyohiyo, uliza kwa nini.

Na wale wanaorudi na mizigo ya wazee, tafadhali pitieni kabati la dawa la nyumbani mkiwa huko. Someni tarehe. Vidonge vilivyopitwa na wakati vipelekeni kwenye duka la dawa au zahanati. Mkikuta pakiti ya zamani yenye picha tuliyoiona utotoni, ipigeni picha mtuletee Desemba ijayo. Chupa iacheni huko.